Sheffield: soka la ridhaa kati ya karakana za visu

Ukimuuliza mpenzi wa soka mchezo wake ulianza lini, wengi watakutajia London, mwaka 1863, FA, chama cha soka cha Uingereza, ilipoundwa. Mimi ambaye kazi yangu ni kufukua historia ya klabu kongwe huanzia miaka sita nyuma, Sheffield, mji wa kaskazini mwa Uingereza uliokuwa ukiuzia dunia visu, mikasi na nyembe.

Sheffield FC iliundwa tarehe 24 Oktoba 1857 na Nathaniel Creswick, mwanasheria, pamoja na William Prest, mfanyabiashara wa mvinyo. Wote walikuwa wanakriketi waliotaka kubaki fiti wakati wa baridi. Shida yao ya kwanza inachekesha: hapakuwa na timu ya kucheza nayo. Wakawa wanagawana wenyewe kwa wenyewe, waliooa dhidi ya makapera, au kwa herufi za mwanzo za majina ya ukoo. Ndiyo maana kanuni zao za 1858 zina kifungu ninachokipenda kuliko vyote: kila mchezaji aje na kofia mbili za flaneli, moja nyekundu na nyingine ya buluu iliyokoza, avae ya upande atakaopangiwa. Jezi ya klabu ingesaidia nini wakati klabu ni moja? Kanuni hizohizo ziliruhusu kuupiga mpira kwa mkono na kumsukuma mtu, ila mateke ya miguu na kumpiga mwenzako mtama vilikatazwa.

Hawa walikuwa watu wenye nazo. Swali ninaloliona la maana zaidi ni jinsi mpira ulivyotoka kwao ukafika kwa wanoa visu, na jibu langu ni saa za kazi.

Sehemu kubwa ya visu vya Sheffield ilitoka kwenye karakana ndogondogo. Fundi alikodi nafasi yake na gurudumu lake la kunolea, akalipwa kwa kila kipande alichomaliza. Ilikuwa kazi ya kuua, kwani vumbi la jiwe la kunolea lilijaa mapafuni na wanoaji wengi hawakuuona uzee. Lakini fundi huyo alikuwa na uhuru ambao mtu wa kiwanda cha nguo aliyefungiwa getini kwa kengele hakuujua: alijipangia siku. Jumatatu mafundi wengi hawakuonekana kazini, wakaibandika kwa utani jina la Mtakatifu Jumatatu, kisha wakafukuzana na kazi kuelekea mwisho wa wiki. Wengine walikuwa na mapumziko ya Jumatano mchana, na hao ndio waliocheza kriketi katika klabu iliyoanzishwa mwaka 1820 ikachukua jina la siku hiyo, Wednesday. Septemba 1867, pale Adelphi Hotel, wanachama wakaongeza tawi la soka ili wachezaji wasitawanyike majira ya baridi. Ni hiyohiyo Sheffield Wednesday ya leo.

Kabla ya hapo klabu nyingine ya Sheffield, Hallam, ilikuwa imeshajitokeza, mwaka 1860, na tarehe 26 Desemba mwaka huo Sheffield wakawafuata uwanjani kwao Sandygate wakawafunga 2–0. Hallam wanacheza Sandygate mpaka leo. Anayedhani soka la zamani lilikuwa la kistaarabu asome habari za mchezo wao wa Desemba 1862, kwenye uwanja wa Bramall Lane mjini humo. Ulikuwa mchezo wa hisani wa kuwachangia wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, waliokosa kazi kwa sababu vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilikata pamba. Katikati ya hisani hiyo, mchezaji wa Hallam aitwaye Waterfall alimvaa Creswick kwa ngumi, akavua kizibao chake tayari kwa pambano. Watu wakavamia uwanja. Kadi nyekundu haikuwepo, hivyo Waterfall aliadhibiwa kwa kupelekwa kukaa golini. Makipa mnisamehe, sikuipanga mimi.

Sheffield walikuwa na kanuni zao, na kwa miaka kadhaa waliongeza kitu kilichoitwa rouge. Goli lao lilikuwa jembamba, yadi 4 tu, kwa hiyo mechi nyingi zingeisha suluhu. Wakasimika bendera mbili pembeni, moja kila upande wa goli, yadi 4 kutoka mlingotini. Mpira ukipigwa ukapita kati ya bendera na mlingoti, mshambuliaji akawahi kuugusa, timu yake ilipata rouge, na rouge zilihesabiwa pale tu magoli yanapolingana. Hivyo ndivyo Hallam walivyowafunga timu ya Norfolk kwa rouge 2 kwa 0 kwenye fainali ya kombe, Machi 1867, mbele ya watazamaji wapatao 3,000. Kombe lilitolewa na Thomas Youdan, mwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza. FA Cup ilikuja miaka minne baadaye. Mwaka 1868 rouge ikafutwa na goli likapanuliwa kufikia yadi 8, upana uleule wa sasa. Kona nayo ilianzia kwenye kanuni za Sheffield, FA wakaichukua mwaka 1872.

Watazamaji wakiongezeka, na pesa za mlangoni huongezeka. Oktoba 1878, mechi ya chini ya taa za umeme Bramall Lane ilivuta watu karibu 20,000. Hapo ridhaa, yaani kucheza bila malipo, ilianza kuwa jina tu. Mskochi James Lang, aliyepoteza jicho moja kwenye ajali ya uwanja wa kujenga meli, aliletwa Wednesday na kupewa “kazi” kwenye kiwanda cha visu cha mkubwa mmoja wa klabu. Kazi isiyo na majukumu. Leo mchangani tungemwita mamluki, na tusingekosea sana.

Kilichowakera zaidi viongozi wa soka mjini kilikuja mwaka 1879. Wachezaji wa mji huo walijipaka rangi nyeusi, wakajipa majina ya Kizulu na kucheza mechi za kuchangia familia za askari wa Uingereza waliouawa katika vita dhidi ya Wazulu. Kwetu tunaosoma kutoka Afrika ni mzaha mchungu, maana Wazulu walikuwa wakitetea nchi yao. Chama cha soka cha Sheffield kilikuja juu kwa sababu nyingine kabisa: wachezaji hao walikuwa wanalipwa.

Kwa mwanasheria, ridhaa haikuwa na gharama. Fundi aliyelipwa kwa kipande aliacha ujira wake kila alipopanda treni kwenda mechi ya ugenini. FA waliruhusu malipo mwaka 1885, Wednesday wakagoma, mpaka wachezaji wao wenyewe walipoanza kuunda timu nyingine. Mwaka 1887 uongozi ukasalimu amri: shilingi 5 mechi ya nyumbani, shilingi 7 na peni 6 ya ugenini.

Sheffield FC hawakufuata mkondo huo. Walibaki na ridhaa yao, wakatwaa FA Amateur Cup, kombe la timu za ridhaa, mwaka 1904, huku klabu za kulipwa za mji uleule zikibeba mashabiki wote. Mwaka 2011 waliuza kwa mnada nyaraka zao za kale, zikiwemo kanuni za kwanza zilizoandikwa kwa mkono, wapate fedha za kuendesha klabu. Zilinunuliwa kwa pauni 881,250.