Tribunal de centre: mjane, wakwe na karani

Anayemtafuta bibi yake mjane wa enzi za Wabelgiji hapa Lubumbashi, akikosa cheti cha ndoa, aulize kwanza kuhusu tribunal de centre. Hiyo ilikuwa mahakama ya Waafrika wa mjini. Dekreti ya 1931 ilianzisha centre extra-coutumier, maana yake kituo cha watu waliotoka chini ya machifu wao. Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, ilipata chake, na Cité Albert, Kamalondo ya leo, ilikuwa ndani yake.

Sasa angalia kichekesho: kituo kinaitwa "nje ya mila", halafu mahakimu wake, Waafrika, wanaamua kesi za ndoa na urithi kwa mila. Mila ya nani? Katika uwanja mmoja walikaa Wabemba, Walamba, Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga.

Hapo ndipo mjane anaponaswa. Tuseme mume alikuwa Mbemba, mchimbaji wa Union Minière, mke Muluba wa Kasai. Kwa Wabemba ukoo hufuata mama, kwa hiyo anayekuja kudai cherehani na kinga (baskeli, kwa wasio wa huku) ni mpwa wa marehemu. Kwa Waluba ukoo ni wa baba, na mjane anashangaa: watoto wangu wapo, huyu mpwa ametoka wapi? Tena mpwa huyo anaweza kudai kumrithi mjane mwenyewe, jambo ambalo Wabemba huita kupyana. Mama akikataa, akaonekana na mwanaume mwingine kabla matanga hayajaisha, basi, kesi. Mtaa mzima unajua.

Kashfa hiyo ndiyo inayomfaa mtafutaji. Ili kujua mjane ni wa nani, mahakimu walilazimika kuuliza mahari ilitolewa na nani, ikapokelewa na nani. Jibu ni jina la baba, au la mjomba. Na mtu akiandikishwa, karani aliuliza kijiji, chefferie (eneo la chifu) na territoire (wilaya ya serikali). Mstari mmoja hivi unaweza kukutoa Kamalondo hadi kijijini.

Majina ni shida: mama mmoja anaweza kuwa na la kijijini, la ubatizo, na lile la kuitwa mama wa fulani. Shika kijiji, usishike jina.

Ukikuta bibi ameandikwa "femme libre" (mwanamke huru) usikimbilie kuona haya. Makarani wa mji waliweza kuweka mjane, mtalikiwa na asiyeolewa chini ya neno hilo moja. Kumbe bibi alikuwa amefiwa tu.

Na kama babu alipata immatriculation (kuandikishwa chini ya sheria za Wabelgiji badala ya mila), iliyopangwa upya kwa dekreti ya 1952, usimtafute katika kumbukumbu za mahakama hiyo. Huyo alihesabiwa chini ya sheria ya maandishi ya Wabelgiji, na mjane wake alipelekwa mlango mwingine.