Matone ya Presha ya Macho: Tone Moja Linatosha, Ila Lifike Jichoni

Kila mwezi Machi, Wiki ya Glakoma (ugonjwa wa presha ya macho) Duniani inapofika, watu wengi huitikia wito wa kupima presha ya macho, nasi tunashukuru. Lakini malalamiko tunayoyapokea kwenye dirisha la dawa hapa Moshi huanza wiki kadhaa baadaye: dawa imeisha kabla ya siku zake, dawa inachoma, dawa haisaidii kitu. Mengi chanzo chake si dawa yenyewe, ni jinsi inavyotiwa, inavyotunzwa na inavyoachwa.

Hilo la "haisaidii" tulimalize kwanza, maana ndilo linalopofusha watu. Matone haya hayarudishi uoni uliokwisha kupotea. Si kama upasuaji wa mtoto wa jicho, ambapo mtu hufunguliwa bandeji akaona. Yanashusha presha ndani ya jicho ili mshipa wa fahamu uliobaki usiendelee kufa, basi. Aliyetumia dawa mwaka mzima akabaki anaona vilevile kama alivyoanza, dawa imemfaa sana. Tunalieleza hili kila siku, na bado mtu anaacha dawa mwezi wa tatu wa matibabu kwa kuwa "macho hayaumi". Glakoma iliyozoeleka kwetu haiumi. Haikuuma ilipoanza, wala haitauma inapomalizia.

Sasa namna ya kutia. Nawa mikono kwa sabuni. Keti na ulaze kichwa nyuma, au lala chali kabisa, hasa mzee ambaye shingo haikunji vizuri. Kwa kidole kimoja vuta kope la chini mpaka litengeneze kifuko kidogo. Shika kichupa juu ya jicho, umbali wa kama sentimita mbili, ncha isiguse kope wala nywele zake. Ikigusa inabeba vijidudu na kuvirudisha ndani ya dawa utakayoitumia wiki nne. Tazama juu, minya, tone moja lidondoke kwenye kifuko, si katikati ya mboni. Kisha fumba jicho taratibu bila kulikaza na bila kupepesa, na papo hapo bonyeza kwa ncha ya kidole kwenye kona ya ndani ya jicho, pale linapokutana na pua, kwa dakika mbili kamili. Kinachotiririka shavuni kifute kwa kitambaa safi.

Kama mkono unatetemeka, egemeza kiganja kwenye paji la uso. Asiyeona tone likishuka akiweke kichupa mahali pa baridi kwanza. Tone la baridi huhisika linapogusa jicho.

Kubonyeza kona ya jicho ndiko watu wanakokuruka, kwa hiyo tuseme sababu yake. Kwenye kona hiyo kuna tundu la machozi linaloshuka hadi puani. Ukionja uchungu kooni baada ya kutia dawa, ujue imepita hapo. Na ikifika puani huingia kwenye damu moja kwa moja bila kupitia kwenye ini kwanza. Timololi, mojawapo ya matone haya, ambayo wengi hupewa mara mbili kwa siku, ikiingia kwenye damu hubana njia za hewa na kupunguza mapigo ya moyo. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya kwa tone la jichoni. Mwenye mapigo ya polepole anaweza kuzimia. Mwenye kisukari anaweza asihisi moyo kwenda mbio sukari inaposhuka. Usifiche ugonjwa wako kwa daktari wa macho ukidhani anashughulika na macho tu, na usimgawie jirani kichupa chako.

Tone moja, si mawili. Jicho halina nafasi ya kubeba zaidi ya tone moja. La pili linamwagika shavuni au linakwenda puani. Kichupa cha latanoprosti, dawa nyingine ya presha ya macho, cha mililita 2.5 kina matone kama 80. Anayetia macho yote mawili mara moja usiku anatumia matone mawili kwa siku, kwa hiyo kikiisha ndani ya wiki mbili, kuna matone yanaanguka nje. Ukiwa na dawa za aina mbili, subiri dakika tano kati ya moja na nyingine, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Usizitambue kwa rangi ya kifuniko, maana viwanda havifanani; soma jina. Na dawa ya sikio isikae kabati moja na ya jicho, vichupa vyake vinafanana mno.

Andika kwa kalamu tarehe uliyofungua. Vichupa vingi hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa hata kama dawa imebaki. Latanoprosti nyingi huruhusiwa wiki sita. Fuata karatasi iliyo ndani ya boksi. Latanoprosti nyingi ambazo hazijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, si kwenye friza. Ikiwa boksi limeandikwa hivyo na muuzaji ameichukua kwenye rafu yenye joto la Februari hapa Moshi mjini, irudishe hapohapo. Dashibodi ya gari nayo si mahali pa dawa. Hiyohiyo latanoprosti hurefusha nywele za kope na huweza kuweka weusi kwenye ngozi yake. Hilo linajulikana, mweleze daktari, usiache kwa aibu ya kioo.

Ukisahau tone, tia unapokumbuka. Kama wakati wa linalofuata umekaribia, ruka, usitie mara mbili kufidia. Anayefunga Ramadhani na hapendi kutia mchana, dawa ya mara mbili inakaa vizuri baada ya futari na wakati wa daku. Wanaokuja nyumbani Desemba kutoka Dar es Salaam wabebe kichupa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia chini ya basi.

Siku ya kliniki tia dawa kama kawaida. Wapo wanaoiacha asubuhi hiyo ili daktari "aone jicho lenyewe", na wapo wanaokumbuka kuitumia wiki moja tu kabla ya kuja. Hawa wa pili presha yao inasoma vizuri, daktari anaridhika, na huku uoni unapungua. Tafadhali semeni ukweli kama mliacha. Hatuna adhabu kwa hilo.

Adhabu ipo kwingine. Haya ni matone ya cheti cha daktari. Cheti kinapaswa kuwa na jina la mgonjwa, tarehe, jina la dawa na nguvu yake, jicho la kulia au la kushoto au yote, mara ngapi kwa siku, na sahihi ya aliyeandika. Mfamasia anayetoa bila cheti anavunja sheria, na Baraza la Famasi linaweza kumchukulia hatua hadi kumfuta kwenye daftari. Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Usimbembeleze muuzaji akuuzie nje ya orodha hiyo, anahatarisha kibali chake. Na zaidi ya vyote, usikubali "dawa ya macho" isiyotajwa jina. Matone yenye deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni hutuliza haraka macho yanayowasha kwa vumbi, ndiyo maana yanapendwa, lakini yakitumika wiki nyingi bila kusimamiwa yanaweza kupandisha presha ya jicho hata kwa mtoto wa shule. Maji ya mshubiri na maziwa ya mama hayashushi presha ya jicho hata kidogo, na yanaweza kuleta kidonda.

Ukibanwa kifua, ukipata kizunguzungu, au jicho likiwa jekundu na kuuma baada ya kutia dawa, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na uombe madhara hayo yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Fomu huhitaji jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda, na vyote vimechapishwa kwenye boksi au kichupa. Kwa hiyo njoo navyo, hata kama dawa imeisha.