Mzee hanywi maji, mnasema mkaidi

Kila nikipigiwa simu na mtu mwenye mzazi mtu mzima nyumbani, nikishauliza presha ngapi, sukari ngapi, naulizaga na swali jingine ambalo watu wanaliona la kitoto: maji anakunywa? Jibu ni lile lile kama vile wamekaa kikao wakakubaliana, "sista we acha tu, mkaidi huyo, ukimpa glasi anapiga funda moja anarudisha mezani, mpaka tunagombana."

Mi ni nesi. Nimekaa wodi ya wanaume miaka mingi, siku hizi nazunguka majumbani hapa Dar, kwa wazee waliopata kiharusi, waliovunjika nyonga, na wale ambao huwezi kusema wanaumwa nini ila miguu ndo imegoma. Na kwenye huo ukaidi wa maji nimejifunza kitu, ndo nataka tukiongee leo, japo kinahusu choo na najua kuna mtu anasoma huku anakula, anisamehe.

Kuna mzee mmoja Mbagala, miaka 78 (nimegeuza geuza vitu viwili vitatu asijulikane), alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa sauti, kiharusi kikamlaza upande wa kulia. Anakaa kwa binti yake. Huyo binti huwezi kumsema vibaya, anaamka saa kumi na moja, baba anapata uji kabla hata watoto hawajaenda shule, shuka safi, kucha zimekatwa. Nikaitwa kwa sababu baba kabadilika ghafla, ndani ya siku mbili anaita marafiki zake waliokufa zamani, usiku anatafuta funguo za gari apeleke mzigo Tunduma. Majirani walishaanza habari za majini, na mtu wa kuja kusoma dua alishapigiwa simu.

Nikamkuta ulimi mkavu kama kigae, mkojo kidogo wenye rangi ya chai ya rangi na harufu kali, choo kikubwa siku 5 hajapata, presha 90 kwa 50, yaani imeshuka, na asubuhi hiyo hiyo kameza vidonge vyake vya kushusha presha kama kawaida. Hospitali wakasema maji yamepungua mwilini na ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Dripu, antibiotiki, vidonge vya presha daktari akavisimamisha kwanza, siku ya nne mzee anauliza Simba walicheza na nani.

Hapa nipachike neno kabla sijasahau. Kijana akipata UTI inamuunguza anajua mapema, mtu mzima wakati mwingine haumwi popote, anachanganyikiwa tu. Mzee aliyekuwa na akili zake juzi na leo haongei vya kueleweka, huyo ni wa kwenda hospitali siku hiyo hiyo, usiseme ni uzee, uzee hauingii kwa usiku mmoja. Dua somesheni, sikatazi, ila someni mkiwa njiani.

Basi aliporudi nyumbani nikaenda kumuona, binti katoka kidogo kwenda sokoni, tumebaki wawili. Nikamuuliza kwa upole tu, baba maji yana nini? Akakaa kimya muda mrefu halafu akasema, "Mwanangu, nikinywa nitakojoa. Nikikojoa atakuja yule mtoto anivue. Yule nimemzaa mimi."

Yaani mzee alikuwa anajikausha makusudi. Amepiga hesabu zake kichwani, maji yakiingia kidogo aibu inapungua, na chakula vile vile, kumbe hata ugali alikuwa anaubakiza kwa sababu hiyo. Nilivyoanza kuwauliza wazee wengine, nikiwa nao peke yao mlango umefungwa, nikakuta wengi tu wanafanya hivyo, wababa na wamama. Bibi mmoja aliniambia ataanza kunywa ijumaa, kwa nini ijumaa, kwa sababu ndo mdogo wake anakuja kulala.

Sasa ubaya ni kwamba mwili wa mtu mzima hauna akiba ya mchezo huo. Kiu yenyewe inapungua na umri, kwa hiyo anaweza kuwa mkavu na asisikie hamu ya maji, na figo haziwezi tena kubana maji kama za kijana. Akikauka choo kinafunga, mkojo unakaa mzito wadudu wanazaliana, presha inashuka akisimama anaona giza anaanguka, na akianguka nyonga ndo hiyo. Ukiangalia mlolongo mzima umeanzia kwenye kuvuliwa nguo na mtoto wake. Wenyewe tunaita ukaidi.

Huku kwetu kumsitiri mtu ni jambo kubwa, mnajua, hata maiti tunaiosha imefunikwa na wanaume wanaosha wanaume wenzao, halafu mzazi aliye hai anageuzwa mchana kweupe mlango wazi, watoto wa jirani wanapita koridoni. Na watoto wenyewe wanaogopa vile vile. Nimekutana na kijana wa kiume, mtoto pekee, mama yake kapooza, alikuwa anamfuta huku kafumba macho kabisa, anaogopa laana, matokeo yake mama hasafishiki vizuri na kidonda kikaanza kwenye mfupa wa makalio. Sikumcheka. Nilimuonyesha namna ya kufanya kazi kwa mikono chini ya kanga, na hiyo ndo ntaieleza kidogo kwa sababu inafaa kwa kila mtu.

Unahitaji kanga mbili au tatu, beseni la maji ya uvuguvugu (jaribu kwa kiwiko, maana upande uliopooza hausikii moto, ataungua asiseme), sabuni, taulo mbili. Funga mlango, shusha pazia. Salimia kwanza, shikamoo baba, hata kama ulimsalimia asubuhi, halafu mwambie unachotaka kufanya na usubiri akuitikie, akisema subiri kidogo unasubiri kweli. Mfunike kanga mwili mzima ndo umvue nguo chini ya hiyo kanga. Anza na uso, mpe kitambaa ajifute mwenyewe. Mkono mmoja unautoa nje ya kanga, unaosha, unakausha, unaurudisha, unatoa mwingine, kila wakati kilicho wazi ni kipande kimoja tu. Ukifika sehemu za siri paka sabuni kwenye kitambaa umpe mkononi, mwambie "malizia hapo mwenyewe" na wewe geuka ukamue taulo, tafuta cha kufanya. Hata mwenye mkono mmoja mzima anaweza, atachelewa, acha achelewe. Kama hawezi kabisa basi mikono yako ipite chini ya kanga, kwa mwanamke unafuta kutoka mbele kwenda nyuma, na maongezi yaendelee ya mambo mengine, mvua, bei ya mchele, chochote. Kuvaa nguo unaanza na mkono mbovu, kuvua unaanza na mzima, na usimvute kwa huo mkono uliolegea, bega linachomoka.

Maneno nayo. Siku hizi nasikia watu wanaongea na mzazi kama wanaongea na mtoto wa chekechea, "umejikojolea tena?" kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. Bibi zetu walikuwa na maneno yao mazuri tu, twende uani, twende msalani, ngoja nikuweke sawa. Na mimi msidhani nimezaliwa najua, mama yangu mzazi alipovunjika mguu nilikuwa namuhudumia kwa spidi ya wodini, siku moja wageni wamekaa sebuleni nikamuuliza kutokea jikoni "mama choo umepata leo?" Hakunijibu. Hakuniongelesha mpaka kesho yake jioni, na mimi ndo nesi wa ukoo eti.

Nani afanye hiyo kazi, hapo ndo familia nyingi zinakosea, wanagawana bila kumuuliza mwenyewe. Mnakaa kwenye grupu la wasapu, aliyeko Muscat anatuma hela, aliyeko Mwanza anatuma pole, aliyeko karibu anapewa kazi na mara nyingi ni mwanamke, au ndo anaachiwa dada wa kazi, mtoto wa miaka 19 katoka kijijini juzi hajawahi kumuona mwanaume mtu mzima bila nguo. Muulizeni mzee, anataka nani? Jibu litawashangaza. Wengi wanataja mjukuu, na ukifikiria ina maana, maana babu na mjukuu ni watani, bibi anamuita mjukuu wa kiume mume wangu, huyo akimuosha miguu wanarushiana maneno ya utani aibu inapotea. Mtoto wa kuzaa huwezi kutaniana hivyo na baba yako. Wengine wanataka mke au mume, hata kama naye kachoka, basi msaidieni maji na kunyanyua na yeye amalizie. Wengine wanataka mtu wa kulipwa kabisa asiye ndugu. Wote wako sahihi.

Hilo grupu la wasapu tusiliache. Jamani picha. Mnampiga picha mzee kifua wazi, mpira wa mkojo unaning'inia pembeni, mnaweka na status "mwombeeni baba yetu", watu 200 wameona, na ndani yao wamo vijana aliowahi kuwafundisha kuendesha gari. Aliyeko nje anataka kumuona baba, sawa, apige simu ya video baba akiwa kavaa shati na kofia, kakaa.

Turudi kwenye maji. Tulichofanya kwa yule mzee hakikuwa cha gharama. Tulimtafutia dumu la lita 3 lenye mdomo mpana, likakatwa, ukingo ukalainishwa kwa moto usimkwaruze, linakaa pembeni ya mkono wa kushoto ambao ni mzima, limefunikwa kitambaa, anajisaidia haja ndogo mwenyewe na hakuna anayemvua. Haja kubwa tukachukua kiti cha plastiki kigumu cha mikono, fundi akakitoboa katikati, kinawekwa juu ya choo cha kuchuchumaa, maana magoti yale hayachuchumai tena na hiyo nayo ilikuwa sababu ya kubana. Anapelekwa baada ya chai ya asubuhi kila siku, tumbo likishapata kitu cha moto utumbo unaamka, muda huo ndo wa kuutumia. Taa ya usiku inabaki inawaka, kapeti dogo la mlangoni tukalitoa linateleza.

Vya kunywa tukavisogeza mchana, glasi sita saba hivi kwa siku zote pamoja na uji, chai, supu, tikiti, na baada ya magharibi tunapunguza ili usiku alale. Mwenye moyo uliochoka au figo mbovu hesabu yake anapewa na daktari, usimjazie kwa kusoma hapa, na dafu kwa mgonjwa wa figo uliza kwanza. Kama anatumia dawa ya kutoa maji, hizi kama furosemide, mpe asubuhi, kuna nyumba nimekuta wanampa saa tatu usiku kabla ya kulala halafu wanalalamika mzee haachi kuamsha watu.

Pampasi sizikatai, zina wakati wake, safari ndefu, mgonjwa asiyejitambua, anayeharisha. Ila mtu anayeweza kusema nimebanwa ukimvalisha pampasi kwa sababu wewe una haraka, wiki chache tu atakuwa kazoea kutokusema, na ngozi inaanza kuchubuka, na pakiti moja inaisha haraka mno kwa mfuko wa kawaida.

Kliniki pia mwacheni aongee. Daktari akianza kumuuliza mtoto "mzee anaendeleaje" huku mzee kakaa hapo, mwambie daktari kwa adabu amuulize mwenyewe. Na ikifika habari za mkojo na mambo ya ndani toka nje dakika tano, sema unaenda kununua maji. Nimeona wababa wanabeba tezi dume miaka, mkojo unatoka kwa matone, hawasemi kwa sababu kila wakiingia kwa daktari wana binti pembeni na faili mkononi.

Yule wa Mbagala sasa anakunywa, anaongeza na chai ya pili bila kubembelezwa. Kazi ya kumuogesha kachagua mjukuu wake wa kiume wa kidato cha tatu, wanafungiana humo ndani unasikia wanazozana Simba na Yanga. Shida iliyobaki ni kwamba babu anamuita saa sita usiku na yeye ana mitihani, mama yake analalamika kila nikienda. Wiki ijayo tunajaribu kumleta mdogo wake mzee kutoka Mkuranga akae jumatatu mpaka alhamisi, mzee kasema yuko radhi ila asilale chumba kimoja naye, anakoroma.