Gavana wa Havana Hakuwa Mfalme

Dhana: Gavana wa Kihispania katika visiwa vya Karibi alijifanyia atakavyo.

Ukweli: Kwa karibu miaka 300 alibanwa kila upande. Mahakama kuu ya Santo Domingo, iliyoundwa 1511, iliweza kupokea mashtaka dhidi yake. Baraza la Indias, lililosimamia makoloni ya Amerika kwa niaba ya mfalme, lilimtumia maagizo kutoka Hispania. Muda wake ukiisha, ilimngoja residencia, uchunguzi ambao aliyedhulumiwa aliruhusiwa kuja kumshtaki hadharani. Wapo waliohonga wakaponyoka, tusidanganyane. Lakini Columbus mwenyewe, aliyekuwa gavana huko, mwaka 1500 alirudishwa Hispania akiwa na minyororo, kwa amri ya Francisco de Bobadilla aliyetumwa kumchunguza. Gavana mwenye amri zote alikuja baadaye sana: amri ya kifalme ya 1825 ilimpa kapteni jenerali, yaani gavana na mkuu wa jeshi wa Cuba, madaraka ya kamanda wa mji uliozingirwa, hata nchi ikiwa shwari. Wengi huichukua Cuba hiyo ya karne ya 19 wakaivisha karne ya 16.

Dhana: Ngome za Kihispania za Karibi zilijengwa kwa fedha ya Hispania.

Ukweli: Mlipaji mkubwa alikuwa Mexico, koloni la Hispania wakati huo. Fedha iliyoitwa situado ilitoka huko kwa meli kulipa askari na mafundi wa Havana, San Juan na Santo Domingo. Meli ikichelewa, askari waliishi kwa mkopo wa wafanyabiashara. (Aliyewahi kuingia Ngome ya Yesu pale Mombasa asishangae akiona kuta za ngome ya El Morro, Havana, zinafanana nayo. Moja ilianzwa 1593, nyingine 1589. Zote mbili zilichorwa na Waitaliano, chini ya mfalme mmoja, Felipe II, aliyetawala Hispania na Ureno kwa pamoja.)

Dhana: Waliozilinda walikuwa Wahispania weupe tu.

Ukweli: Vikosi vya mgambo vya watu huru weusi na machotara vilikuwepo Cuba tangu zamani. Waingereza walipoiteka Havana 1762, kisha wakairudisha 1763 na kupewa Florida, Alejandro O'Reilly, jenerali wa Hispania, alitumwa kulipanga upya jeshi, na vikosi hivyo vikapangwa kwa batalioni. Askari wa batalioni hizo walipata haki ya kushtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi badala ya ya kiraia, jambo lililowakera mahakimu wa mji na wenye mashamba ya miwa, ambao watumwa wao walikuwa watu wa rangi ileile.