Filamu za gemu hazidai kompyuta ya bei mbaya

Anayetaka kutengeneza filamu kwa picha za gemu huambiwa kwanza atafute mashine yenye nguvu. Si kweli. Red vs. Blue, mfululizo ulioanza Marekani mwaka 2003, ulirekodiwa ndani ya gemu ya Halo kwa Xbox za kawaida, zile mashine za kuchezea gemu nyumbani. Mchezaji mmoja ndiye alikuwa kamera: alichokiona kwenye skrini yake ndicho kilichorekodiwa, na mistari mipana myeusi juu na chini ya picha ikaficha alama za mchezo zinazoonekana kwenye skrini ya mchezaji. Wahusika wamevaa helmeti, midomo haionekani. Anayesema anatikisa kichwa tu, basi. Kazi yote ilibebwa na maneno na sauti. Kwa hiyo ukipata vijisenti, anza na maikrofoni. Picha hafifu watu huivumilia, sauti inayokwaruza hapana.