Jicho kufifia kwa mwenye MS si lazima liwe upofu

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu hapa Moshi mwaka hadi mwaka: kwamba mwenye maltipo sklerosisi, yaani MS, jicho likianza kufifia basi upofu umefika, na dawa pekee ni matone ya asali. Si kweli.

Katika MS, kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu. Ukiguswa mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, jicho moja huingia ukungu, huuma ukiligeuza, na rangi hupauka. Wengi huanza kuona vizuri tena baada ya wiki kadhaa, ingawa wengine hubaki na kasoro. Tatizo liko nyuma ya jicho. Asali haifiki huko, na inaweza kuleta maambukizi.

Jipime: ziba jicho moja, tazama kifuniko chekundu cha soda, kisha badilisha. Wekundu ukipauka upande mmoja, wahi kliniki ya macho.

Nadhani kinachowachanganya watu zaidi ni joto. Mtu anatoka sokoni Kiboriloni saa saba mchana na mzigo kichwani, ghafla hata uso wa konda wa daladala haumwelei. Akikaa kivulini, akanywa maji baridi, anaona tena. Joto huzuia kwa muda mawasiliano ya mshipa uliokwisha kuumia, haliuharibu upya. Lakini kama siku hiyo aliweka matone, sifa zote zitaenda kwa matone.

Tafadhali, ukiupokea ujumbe huo, usiusambaze. Uishie kwako.