Mwalimu, wanafunzi wako wamefika wapi?

Wahadhiri wengi wanaotaka kupanda cheo hunijia nafasi zikishatangazwa gazetini, zimebaki wiki mbili. Huja na makala zao zimebanwa vizuri kwenye faili. Mimi huuliza kwanza: "Mwalimu, wanafunzi wako wa uzamili wamefika wapi?" Hapo ndipo mtu huanza kutazama dirishani.

Kazi yangu katika chuo kimoja hapa Nairobi ni kuwasaidia wahadhiri kupanga safari ya vyeo: mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Vigezo si siri. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo wa pamoja mwaka 2014, ingawa sera ya chuo chako ndiyo ya kusoma kwanza. Kwa mwongozo ule, anayetaka uhadhiri mwandamizi awe na shahada ya uzamivu, awe amefundisha miaka mitatu akiwa mhadhiri, na awe na pointi 32 za machapisho, 24 kati yake zitokane na majarida yanayopitiwa na wataalamu. Profesa mshiriki, 48. Profesa, 60. Namba hizi watu wanazijua kama namba za simu zao. Wanachosahau ni kwamba hesabu huanzia pale ulipopata cheo ulicho nacho sasa. Makala zilizokuingiza kwenye uhadhiri zilishalipa nauli ya safari ile.

Lakini jopo la usaili huangalia pia wanafunzi uliowasimamia, na hapo ndipo ugumu ulipo. Makala bado iko mikononi mwako. Unaweza kuiandika saa nne usiku watoto wakilala. Mwanafunzi hayumo mikononi mwako. Ana kazi Industrial Area, karo imemwelemea, na haendi uwandani kabla hajapata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Akirudi na data, rasimu zinaanza kwenda na kurudi. Halafu tasnifu inamfikia mtahini wa nje, ambaye naye ana zake kumi mezani. Ongeza mgomo mmoja, ongeza marekebisho, ngojea mahafali. Kwenye karatasi uzamili ni miaka miwili. Mimi huwashauri wahadhiri wapange minne. Na jopo huhesabu aliyehitimu, si aliye "karibu kumaliza".

Kwa hiyo tunahesabu kinyumenyume. Ukitaka kuomba mwaka 2030, mwanafunzi wako aanze kuandika pendekezo la utafiti sasa hivi, na asiwe mmoja, kwa sababu mmoja ataacha. Makala huingia baadaye katika ratiba, na mara nyingi huzaliwa humo humo kwenye tasnifu hizo, jina la mwanafunzi likitangulia inavyostahili. Uliza mapema pointi za makala ya waandishi wengi zinagawanywaje.

Kuhusu majarida nitasema machache. Barua pepe inayokuita "mtafiti mashuhuri" na kukuahidi kuchapishwa kwa siku saba, ifute. Niliwahi kulipia moja ya namna hiyo nikiwa kijana, na makala ile hadi leo siwezi kuiweka popote.

Jambo jingine ni karatasi. Chuo nilichofundisha zamani kiliniteua kwa mdomo kuwa msimamizi wa pili wa wanafunzi wawili. Walihitimu, nikapiga makofi. Siku ya usaili nikaulizwa barua ya uteuzi. Mkuu wa idara aliyeniteua alikuwa ameshastaafu, na faili za idara hazikuwa na chochote. Ilinigharimu miaka. Sasa jambo la kwanza ninalolidai ni barua: ya kusimamia, ya kutahini, ya kukaa kwenye kamati. Ipige picha siku hiyo hiyo.

Wiki iliyopita mhadhiri mmoja alikaa hapa saa nzima tukijaza miaka yake kwenye karatasi moja. Alipofika mlangoni alikuwa tayari ameshika simu sikioni. Nikamsikia kwenye korido: "Mama, ile sura ya nne uliniambia ungeituma Februari. Iko wapi?"